Maafisa wa watoto Mombasa wanaondoka, na kesi za watoto zinaanza upya kila mara

Ndugu zangu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sitaificha. Mimi ni mhudumu wa kujitolea katika ulinzi wa watoto upande wa Likoni. Katika ofisi tunayopeleka kesi zetu, ambayo sitaitaja, kila afisa aliyekwisha kuiva kazini huhamishwa ghafla au huchukuliwa na shirika linalomlipa vizuri zaidi, na wakubwa wake hawashtuki.

Juzi nilimsindikiza bibi mmoja na mjukuu wake aliyedhulumiwa. Faili lilikuwapo, lakini kurasa za mwanzo zilijaa vifupisho ambavyo afisa aliyeondoka peke yake ndiye aliyevielewa, kwa hiyo mtoto akatakiwa amsimulie mtu mgeni yale aliyokwisha kuyasimulia kwa machozi. Hakusema neno, alizungusha kifungo cha sare yake mpaka kikakatika. Ripoti ya uchunguzi wa kijamii, yaani maelezo ya hali ya mtoto na familia yake, anayoisubiri hakimu haikuandikwa siku hiyo.

Tunaambiwa kwamba kazi hii ni wito. Wito haulipi kodi ya nyumba, wala haumfikishi afisa Mtongwe kumtembelea mtoto wakati ofisi haina mafuta ya gari, naye analazimika kuvuka feri kwa miguu na kulipa bodaboda kutoka mfukoni mwake. Hata hivyo mshahara si kila kitu. Mtu anayesikiliza habari za unajisi na vipigo tangu asubuhi hadi jioni anahitaji msimamizi wa kuketi naye mara kwa mara kuzipitia kesi nzito, na mshauri nasaha wa kumsikiliza yeye mwenyewe. Asipowapata, atachoka, na baada ya kuchoka ataondoka au, vibaya zaidi, atabaki akiwa hajali tena.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imewaongezea maafisa hawa majukumu, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watolewe katika makao ya watoto na kurudishwa katika familia. Naunga mkono kwa moyo wote. Lakini mtoto akirudishwa kwa shangazi yake Kisauni au Jomvu, nani atakayemfuatilia, ikiwa afisa aliyeijua familia hiyo hayupo tena?

Msimlaumu gavana kwa hili, kwa kuwa maafisa wa watoto wako chini ya serikali ya kitaifa, na wenye dhamana wako Nairobi. Kwao ninadai kwamba afisa yeyote asihamishwe kabla ya kuketi na mrithi wake, faili kwa faili, na kumtambulisha kwa watoto wenyewe. Na waliokaa miaka mingi kwenye cheo kimoja wapandishwe. Kama kuna mhusika anayesoma hapa, na atujibu: maafisa waliohamishwa mwaka huu walimkabidhi nani mafaili yao?