Tunakwenda Hombolo kula mchana kwa marafiki wa zamani: waini gani, na kuku tumwandaeje?

Mgeni_wa_Ilazo
Wakuu, habari za jioni, na shikamooni mliotangulia. Jumapili ijayo tunatoka Dodoma mjini watu wanne, gari moja, kwenda Hombolo kwa jamaa tuliosoma nao zamani. Mezani tutakuwa wanane. Wawili hawanywi kabisa, mmoja wao ni Mwislamu. Wenyeji watasonga ugali wa uwele na kupika mlenda, sisi tumepewa kuku na waini. Chupa ngapi? Nyeupe au nyekundu? Na joto hili la Oktoba zitafikaje salama? Kuku wa kienyeji tumewaza kuwabeba wazima, tukachinjie huko huko. Tutafika saa sita hivi.

Jiko_la_Mkaa
Tuanze na kuku, waini itasubiri. Ukifika saa sita na kuku mzima kwapani, chakula ni saa tisa na nusu. Kuchinja, kunyonyoa na kukatakata kuku wawili ni dakika 45. Kuchemsha mtetea ni saa moja na nusu. Jogoo mzee saa mbili na nusu. Dodoma tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo kuku wa huku anachukua muda kuliko wa Dar hata moto ukiwa mkali. Wageni wa pwani humlaumu kuku bure.

Fanya hivi. Jumamosi nunua mitetea wawili, kila mmoja abaki na kilo 1.3 hadi 1.5 akishasafishwa. Wachinjwe na Mwislamu. Soko la Majengo au Sabasaba hilo halina shida. Mkate kila mmoja vipande nane, weka friji bila kiungo chochote. Jumapili saa mbili asubuhi paka ndimu mbili, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba na punje sita za kitunguu saumu, acha nusu saa tu. Watu hulaza kuku kwenye ndimu usiku kucha, kisha wanashangaa nyama ya juu imekuwa kama chaki. Chemsha na lita moja ya maji, funika, moto wa wastani, mpaka mfupa wa paja uanze kuachia. Beba akiwa wa moto kabisa, sufuria imefungwa kwa kitambaa kizito, na mkifika achemshwe tena kabla ya kuungwa. Supu ibebwe pia, ndiyo ya kuungia.

Chumvi weka kidogo nyumbani. Maji ya visima huku mengi yana chumvi yake, ukimalizia mchuzi kwa maji ya kule bila kuonja umeharibu.

Karanga zilizosagwa, gramu 200, ziingie mwishoni. Zikoroge kwanza na supu ya vuguvugu kwenye bakuli, mimina, kisha moto mdogo dakika kumi huku mwiko ukigusa chini. Ukiziweka mapema zinashika sufuria, na harufu ya kuungua haifichiki.

Mzabibu_Mkongwe
Kwenye waini toa wawili wasiokunywa, toa na dereva wenu, maana barabara ya kurudi ni ile ile. Wamebaki watano. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za mililita 150. Glasi tatu kwa mtu katika mchana mrefu ni 15, yaani chupa tatu. Nunua nne, ya nne ikibaki ni zawadi ya wenyeji.

Mimi ningechukua tatu nyeupe na moja nyekundu. Nyeupe iwe Chenin Blanc kavu, isiyo na sukari. Mchuzi wa karanga una mafuta, na mlenda unateleza unaganda mdomoni. Ukali wa Chenin ndio unaousafisha ulimi. Nyekundu ya zabibu ya Makutupora inapendeza kwa nyama ya kuchoma. Kwa karanga inakuwa nzito, na mezani pakiwa na pilipili kichaa inawasha mara mbili. Soma lebo vizuri, maana chupa nyingi za hapa ni tamu, na tamu kwa ugali na mlenda inachosha baada ya glasi moja.

Angalia stempu ya ushuru ya TRA na alama ya ubora ya TBS. Ile ya kienyeji inayouzwa kwenye chupa zilizotumika usiiweke kwenye gari lenye joto: kama haijamaliza kuchacha, hewa inajaa ndani, na kizibo kinaruka au chupa inapasuka.

Kivuli_cha_Mbuyu
Naongezea kwa joto. Waini usiiweke kwenye buti. Gari likisimama juani saa moja, ndani panapita nyuzi 50. Waini inatanuka, inasukuma kizibo, na ladha inageuka ya jamu iliyopikwa; hiyo hata ukiipoza baadaye hairudi. Zilaze sakafuni nyuma ya kiti, zifunikwe, na mkifika zishuke kabla ya watu hawajamaliza kusalimiana.

Njiani chukua khanga kuukuu, iloweshe, ikamue kidogo, uzungushie chupa. Hewa ya Oktoba ni kavu, maji yanakauka haraka na kuondoka na joto, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji. Kitambaa kikikauka, lowesha tena. Mwezi wa Januari mvua ikiwa imekolea, ujanja huu haufanyi kazi sawasawa.

Nyekundu_Daima
Nyeupe sawa, lakini nyekundu jamani msiipeleke friji. Nyekundu inanywewa kwa joto la chumba.

Mzabibu_Mkongwe
Mkuu, chumba cha nani? Hiyo kanuni ni ya Ulaya, nyumba zenye nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Hombolo saa saba mchana mwezi huu ni 30. Kwenye joto hilo pombe ndiyo inayopanda puani, matunda huyasikii. Nusu saa kwenye friji inatosha. Nyeupe ikae humo kwa muda wa saa tatu.

Mgeni_wa_Ilazo
Asanteni sana. Nimewapigia wenyeji, friji yao ni ndogo na Jumapili itakuwa imejaa. Nifanyeje?

Kivuli_cha_Mbuyu
Gandisha chupa mbili za maji za lita moja na nusu, ubebe. Kule zipasue, barafu iingie kwenye ndoo, ongeza maji mpaka yafike shingo ya chupa, na chumvi ya mawe viganja viwili. Dakika 20 nyeupe iko tayari. Usiache kuweka maji: barafu tupu inagusa chupa sehemu chache, maji yanaizunguka yote. Nyekundu izamishe dakika 7 tu.

Mama_Ubuyu
Wasiokunywa msiwasahau, wala msiwaachie soda tu. Ubuyu wenye mbegu nusu kilo, maji ya vuguvugu lita mbili, loweka nusu saa, pekecha kwa mkono mpaka mbegu zibaki tupu, chuja, sukari gramu 150. Usiuchemshe, unapoteza ule uchachu mzuri. Glasi zao ziwe tofauti, na waini isiingie hata tone kwenye mchuzi.

Waombe wenyeji magadi kwenye mlenda yawe ya punje ya harage tu kwa lita ya maji. Yakizidi mlenda una ladha ya sabuni, na waini yoyote juu yake inapooza kabisa. Unga wa uwele nao usagwe wiki hii hii, una mafuta, ukikaa unaanza kunuka na ugali unakuwa mchungu.

Na Hombolo kuna bwawa. Mkikuta perege wabichi, kaangeni wawili watatu watangulie na nyeupe ya kwanza wakati kuku anaungwa.

Jiko_la_Mkaa
Beba na kizibuo. Ukikosa, usisukumie kizibo ndani kwa mwiko, waini itaruka kwenye kuta za watu. Chagua nyeupe zenye mfuniko wa kuzungusha umalize ubishi.