Kodi ya makadirio haimtambui bibi anayelea wajukuu

Wanajamvi, habari zenu. Nina umri wa miaka 63, ninauza mitumba ya watoto katika soko la Kiboriloni hapa Moshi, na ninalea wajukuu watatu tangu binti yangu alipofariki. Ninaandika nikiwa na hasira kwa sababu ya makadirio ya kodi niliyopewa wiki iliyopita.

Afisa aliniuliza mauzo ya siku, nami nikamwambia ukweli kwamba, nikichanganya siku nzuri na mbaya, ninauza kama shilingi 20,000. Kwa siku sita za wiki, hiyo ni 6,240,000 kwa mwaka, na kwa kuwa sikuwa na kumbukumbu za hesabu, nikawekwa kundi la mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7, ambalo hulipa 100,000. Nilipomtajia wajukuu, aligeuza fomu ili niione mwenyewe: palikuwa na aina ya biashara, eneo na mauzo. Mahali pa kuandika wanaokula kutokana na mauzo hayo hapakuwapo.

Katika hiyo 20,000, nikitoa fedha ya belo la nguo, ushuru wa soko na nauli, hubaki kama 5,000, yaani 1,560,000 kwa mwaka mzima. Mfanyakazi anayelipwa 270,000 kwa mwezi, ambayo ni 3,240,000 kwa mwaka, hakatwi kodi ya mapato hata senti moja. Simwonei kijicho, ni haki yake. Lakini mimi, ambaye sifikii hata nusu yake na tunakula wanne, ninatozwa, kwa sababu yeye anapimwa kwa kipato na mimi ninapimwa kwa mauzo.

Mtaniambia niweke daftari. Nimekwisha kulianza, na kwa kuwa mwenye kumbukumbu katika kundi langu hutozwa asilimia 3 ya mauzo yanayozidi milioni 4, nitalipa 67,200. Ni nafuu, ila haihusiani na watoto hawa. Marekani, bibi anayeishi na mjukuu zaidi ya nusu ya mwaka huweza, akitimiza masharti mengine, kumwandika kwenye kodi kuwa mtegemezi wake. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haina punguzo kama hilo. Wanaopeleka maoni kuhusu Muswada wa Sheria ya Fedha, ule unaobadilisha kodi kila mwaka, naomba mlipeleke hili: vyeti vya kuzaliwa vya watoto ninavyo, cheti cha kifo cha mama yao ninacho, na mwenyekiti wa mtaa anatujua kwa majina.

Awamu ya kwanza, 25,000, inatakiwa mwisho wa mwezi huu, na mjukuu wa mwisho bado sijamnunulia sare ya darasa la kwanza.