Mjadala: Aliyesomeshwa kwa ruzuku ya nje abanwe arudi?

MzeeWaChaki
Wakuu, tujadili bila matusi. Idara yetu ilitoa watu watatu kwenda nje kwa ruzuku: mmoja DAAD ya Ujerumani, mmoja Commonwealth ya Uingereza, mmoja Fulbright ya Marekani. Wote walipewa likizo ya masomo, mshahara ukiingia kila mwezi, na walisaini mkataba wa kurudi kutumikia. Wa DAAD karudi. Wa Commonwealth mwaka wa pili huu hapokei simu. Wa Fulbright karudi, kakaa ile miaka miwili ya sharti la visa ya J-1, ile ya Marekani ya wageni wa kubadilishana, siku ilipotimia kaondoka tena, safari hii na mkewe. Mimi nimebaki na darasa la watu mia sita na kipaza sauti kinachokoroma. Swali: wabanwe warudi au walipe? Au tuwaache wakabebe boksi, hivyo vibarua vya ughaibuni?

Jogoo_wa_Minnesota
Shikamoo mzee. Swali lako zuri, lakini hapo kwenye boksi umenigusa pabaya. Nilikesha zamu za usiku nyumba ya wazee miaka minne nikimalizia uzamivu. Boksi hilo limemtibu mama na kusomesha wadogo zangu wawili, mmoja wao pengine yumo humo kwenye mia sita yako.

MzeeWaChaki
Marahaba. Sikukutaja wewe.

Jogoo_wa_Minnesota
Hukunitaja, umenipiga tu.

Hesabu_Kamili
Tuliza munkari. Fulbright ilianza 1946, fedha za mwanzo zilitokana na kuuza mali za jeshi la Marekani zilizobaki baada ya vita. Nia ilikuwa mtu aende, ajifunze, arudi. Ndiyo maana kuna sharti la miaka miwili: hupati viza ya kazi wala ukaazi wa kudumu mpaka uishi kwenu miaka miwili kwanza. Wengine wenye J-1 huomba barua ya serikali yao kwamba haina pingamizi wasamehewe. Ukiwa umelipiwa na serikali ya Marekani yenyewe, barua hiyo kwa kawaida haikusaidii. Kwa hiyo kurudishwa wanarudishwa. Mzee, huyo wako alikaa miaka miwili. Mlimpa nini?

MzeeWaChaki
Tulimpa vipindi.

Hesabu_Kamili
Ofisi je?

MzeeWaChaki
Ofisi tunakaa wanne.

KambaMbili
Zamani watu walikuwa na uzalendo. Ile ndege ya Tom Mboya, ya kupeleka wanafunzi wa Kenya Marekani, ilimpeleka Wangari Maathai pamoja na baba yake Obama, na wote wakarudi kujenga nchi. Nani aliwabana?

Nyeri_Huru
Baba Obama hakuwamo kwenye ile ndege. Alikwenda Hawaii 1959 kivyake, kwa msaada wa watu wengine. Ndege ya kwanza ya Mboya ilipaa mwaka huo huo na wanafunzi 81. Maathai alifuata 1960, akasoma Kansas. Na kwa kuwa umemtaja, malizia hadithi: alirudi Nairobi 1966 akiwa na barua ya ahadi ya kazi chuoni, akaambiwa nafasi kapewa mwingine. Bahati yake profesa mmoja Mjerumani wa anatomia ya mifugo akamchukua. Akaenda Giessen na Munich, akarudi tena, 1971 akapata uzamivu wake hapo hapo Nairobi. Mnataka watu warudi, na wakirudi mnawaonyesha mlango.

KambaMbili
Kwa hiyo baba Obama alipanda ndege gani?

Nyeri_Huru
Hayo ndiyo umeyaona katika yote niliyoandika?

Ticha_Kakamega
Mimi ni shahidi. Nilikwenda na FLTA, ule mpango wa Fulbright wa walimu vijana wa lugha. Miezi tisa, unafundisha Kiswahili mpaka masaa ishirini kwa wiki, na kila muhula wewe mwenyewe unasoma masomo mawili, moja lazima liwe la mambo ya Marekani. Shahada hupewi. Nimerudi, niko shule ya upili hapa Kakamega, na hakuna aliyenibana. Tatizo ni kwamba niliporudi hakuna hata aliyeniuliza nimejifunza nini. Niliomba niwaonyeshe walimu wenzangu namna ya kufundisha mazungumzo bila kukaririsha ngeli, nikaambiwa tukamilishe silabasi kwanza.

BintiMkunazini
Samahani kaka, nimesoma mara mbili. Kakamega? Ndiyo uliyetumwa kufundisha Kiswahili? Sasa najua kwa nini watalii wanashuka bandarini hapa Unguja wanatuambia "jambo" na "hakuna matata".

Ticha_Kakamega
Dada, mimi nimesomea Kiswahili chuo kikuu miaka minne. "Jambo" nilikuwa nawakataza wiki ya kwanza. Wewe umesomea wapi, kibarazani?

BintiMkunazini
Kibarazani ndiko kinakozaliwa, yakhe. Nyie mnakipata kikiwa kimeshachoka njiani.

Buza_kwa_Mpalange
😂😂 Ticha kapigwa. Ila tusiwaseme Wakenya peke yao, washa redio yoyote ya Dar: "yaani besikali guyz nina-feel". Huyo naye akaombe FLTA?

Mvita_Asilia
Binti, punguza. Hicho mnachoita sanifu ni Kiunguja kilichopitishwa na kamati ya Waingereza 1930. Sisi Mombasa tulikuwa na Muyaka akitunga mashairi wakati hata hilo neno "sanifu" halijasikika. Ndoo Mombasa ufundishwe.

Hesabu_Kamili
Kamati ilianza kazi 1930. Kukichagua Kiunguja kulifanywa kwenye mkutano wa 1928, na mkutano wenyewe ulifanyika Mombasa.

BintiMkunazini
Alhamdulillahi. Kwenu wenyewe!

Mvita_Asilia
Ulifanyika Mombasa, haukufanywa na watu wa Mombasa. Hesabu, hebu rudi kwenye visa zako.

Ticha_Kakamega
Niwaambie kitu. Darasa langu la mwanzo lilikuwa na watu kumi na wanne. Watano ni vijana waliokuja Marekani wadogo, wazazi wao ni wakimbizi kutoka Kongo na Burundi. Siku ya kwanza binti mmoja akasema "batu biko bengi". Wale Wamarekani wakanitazama: ni kosa au si kosa? Nikawaambia bibi yake anasema hivyo, na kitabu kinasema "watu wako wengi", andikeni yote mawili. Hakuna aliyeuliza ya Kakamega wala ya Unguja. Huyo binti alikuwa analia muhula ulipoisha kwa sababu sasa anaweza kumwandikia bibi yake.

BintiMkunazini
Hapo umenena. Lakini "jambo" bado nakudai.

Jogoo_wa_Minnesota
Wakati mnagombea kiunzi, jahazi linatota. Juni 2025 wajumbe 11 kati ya 12 wa bodi ya Fulbright walijiuzulu, wakasema serikali inaingilia uteuzi wa watu waliokwisha kuchaguliwa. Kabla ya hapo, Februari, malipo yalisitishwa na watu waliokuwa katikati ya safari wakaanza kuhesabu senti. Mnajadili warudi au wasirudi, kesho huenda hakuna wa kwenda.

Buza_kwa_Mpalange
Linatota au linazama?

BintiMkunazini
Linatota likiingia maji, likizama limekwisha. Kasema sawa.

KambaMbili
Mimi nauliza la Wazungu. Wao wakija kwetu na hizo Fulbright zao, kibali cha utafiti cha COSTECH, ile tume ya sayansi ya Tanzania, wanapata, nyumba Masaki wanapata, mwaka mmoja wanaondoka na madaftari yao. Mbona hakuna anayesema wabanwe?

Hesabu_Kamili
Wao wanarudi kwao. Ndiyo mada ya mzee.

MzeeWaChaki
Nashukuru angalau mmoja anaikumbuka. Niwape la jana basi. Mhadhiri wangu msaidizi, kijana mzuri kuliko wote niliowahi kupata, kaingia ofisini na fomu ya mapendekezo ya kwenda nje kwa ruzuku. Anataka niandike kwamba anafaa. Na anafaa, hilo silipingi. Yeye ndiye anayeendesha semina zote za mwaka wa kwanza. Fomu nimeilaza chini ya chupa ya chai, nikamwambia aje Jumatatu.

Jogoo_wa_Minnesota
Msainie, mzee.

MzeeWaChaki
Halafu semina zake nani?

Ticha_Kakamega
Akirudi, muulize amejifunza nini.

Mvita_Asilia
Hesabu, ile 1928 uliyoitaja: taja basi Mswahili mmoja aliyekaa kwenye kile kiti cha mkutano. Mmoja tu. Nasubiri.