Mnapima maji siku ya jua, sumu ya barabara inapita siku ya mvua!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aniambie nitulie kwanza.

Nakaa chini ya barabara kuu. Maji yote ya mvua ya kipande hiki cha barabara yanaingia mitaroni, yanashuka kwenye kalavati moja, yaani bomba kubwa la kupitisha maji chini ya barabara, na kumwagika kwenye kijito kinachopita nyuma ya nyumba zetu. Juu kidogo kuna yadi ya matengenezo ya barabara: magreda, malori, mapipa ya lami, pampu ya dizeli, sehemu ya kuoshea magari. Maji ya yadi nayo yanaishia kwenye kalavati hilo hilo. Kila mvua ya kwanza baada ya jua la muda mrefu, kijito kinakuwa cheusi, kinanuka mafuta, na visamaki vinaelea tumbo juu. Tunalalamika miaka nenda rudi, na miaka nenda rudi wanaosimamia barabara wanatujibu hivi: "Vipimo vinaonyesha maji yako ndani ya viwango."

Safari hii nikaenda ofisini kwao kuviona hivyo vipimo kwa macho yangu. Nikapewa karatasi mbili. Nikamuuliza afisa aliyenipokea, mama mtu mzima, "Samahani mama, hii sampuli ilichukuliwa lini?" Akasogeza miwani, akasoma: "Jumatano, saa nne asubuhi." Mimi nyumbani nina kipimo cha mvua na daftari, naandika kila siku. Mvua ya mwisho kabla ya Jumatano hiyo ilikuwa siku tisa nyuma. Siku tisa! Walichoteka ni maji ya chemchemi yanayopita pale mwaka mzima. Maji ya barabara hayakuwemo hata tone. Karatasi ya pili nayo hivyo hivyo, siku kavu.

Nikamwambia, "Mama, hapa hamjapima barabara." Akanijibu kwa upole tu, "Mwanangu, mkataba unasema sampuli mara moja kila robo mwaka. Hausemi mvua." Sina ugomvi na yule mama. Ugomvi wangu ni na waliouandika mkataba huo, na mhandisi mshauri aliyeupitisha huku akijua fika maji ya mvua yanapatikana siku gani.

Kwa wasiofuatilia mambo haya, barabara siku za jua inajikusanyia uchafu. Tairi zinalika, unga wake wenye zinki unabaki juu ya lami. Breki zinasagika, shaba inabaki. Oili inadondoka, masizi ya moshi yanatua, vyuma vya kingo vilivyopakwa zinki vinachujuka kidogo kidogo. Udongo wa pembeni ya barabara za zamani bado una madini ya risasi ya enzi za petroli yenye risasi. Vyote hivyo vinakaa pale vikisubiri. Mvua ikipiga, lami hainywi maji, yote yanatiririka. Piga hesabu mwenyewe: barabara ya upana wa mita 20 kwa urefu wa kilomita 1 ni hekta 2. Ikinyesha milimita 10 tu, hizo ni lita 200,000. Hata zikipungua kidogo kwa kulowesha lami na kubaki kwenye mashimo, zilizobaki zinashuka mtaroni ndani ya muda mfupi, na zile za mwanzo ndizo zinazobeba mzigo mkubwa. Kwenye eneo dogo la lami kama hili letu, dakika 20 au 30 za mwanzo ndizo habari yenyewe.

Sikutaka kubaki kwenye maneno. Mvua iliyofuata ilianza saa kumi na dakika kumi jioni. Nilikuwa nimeshapanga chupa sita za kioo, safi, zenye vifuniko, nimeandika namba. Nikasimama kwenye mdomo wa kalavati. Maji ya barabara yalipoanza kutoka nikakinga ya kwanza, halafu moja kila baada ya dakika kumi. Nimezipanga dirishani, ziko pale hadi sasa. Ya kwanza ni nyeusi kama maji yaliyofuliwa overoli ya fundi gereji. Baada ya kutulia usiku kucha, chini kumejaa tope laini la rangi ya mkaa, unene wa vidole viwili, na juu kuna utando wa mafuta unaong'aa rangi rangi. Ya pili karibu sawa. Ya tatu ni kahawia. Ya nne inaanza kupitisha mwanga. Ya sita ukiiweka peke yake mezani, mtu ambaye hakuwepo atakuambia maji yana vumbi kidogo tu. Kalavati lile lile, mvua ile ile, tofauti ni dakika 50. Sasa mtu anayekuja baada ya siku tisa anapima nini?

Na sisemi chupa zangu ni maabara. Macho hayaoni zinki wala shaba iliyoyeyuka. Ndiyo maana nataka wenye maabara waje, lakini waje na akili ya kazi. Mwaka jana nilimwona kijana wao akichota kwa chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, akaitupa nyuma ya gari juani, akaondoka. Sampuli ya mafuta haichukuliwi kwenye plastiki, kwa sababu mafuta yananata kwenye kuta za chupa na hayafiki kwenye kipimo. Inachukuliwa kwenye kioo, chupa nzima, bila kumiminwa huku na kule. Ya metali zilizoyeyuka inachujwa haraka, ndani ya dakika 15 hivi, la sivyo metali inashikamana na tope na namba inashuka yenyewe. Kwa hiyo hata kama yule kijana angekuja siku ya mvua, bado angepata jibu la uongo. Simlaumu, hakuna aliyemfundisha.

Wengine hili walishaliandika kwenye kanuni zamani. Marekani, Sheria ya Maji Safi ya 1972 ilifanyiwa marekebisho mwaka 1987 ili maji ya mvua nayo yaingizwe kwenye vibali, na kanuni zikatoka 1990. Kwa maeneo ya shughuli za viwanda yanayoomba kibali cha kumwaga maji hayo, sampuli ilitakiwa itokane na mvua inayozidi inchi 0.1, yaani kama milimita 2.5, ikiwa zimepita angalau saa 72 tangu mvua nyingine ya kiasi hicho. Chupa ya kwanza, ile inayokingwa mara moja kwa mkono, ichukuliwe ndani ya dakika 30 za mwanzo za mtiririko, au mara tu inapowezekana baada ya hapo. Kisha kuna ya pili, ya kuchanganya: unachota kidogo kidogo kulingana na wingi wa maji yanayopita, kwa mvua nzima au saa tatu za mwanzo, ndipo unapata wastani wa tukio zima. Mambo haya yameandikwa zaidi ya miaka thelathini sasa. Mhandisi mshauri hawezi kuniambia hakujua.

Kuna wadau humu watasema nalilia rangi ya maji. Haya, sikilizeni ya samaki waitwao samoni. Katika vijito vya mijini vya eneo la Puget Sound, jimbo la Washington huko Marekani, samoni aina ya coho walikuwa wakirudi kutaga mayai, mvua ikinyesha wanaanza kuzunguka juu juu wakiwa wamepumbaa, midomo wazi, na baada ya saa chache wamekufa na mayai yao tumboni. Watafiti walihangaika miaka mingi. Wakashuku metali, wakashuku mafuta, wakashuku viuatilifu, muuaji hakupatikana. Desemba 2020 ndipo jibu likachapishwa: ni tairi. Kwenye mpira wa tairi huwekwa kemikali iitwayo 6PPD ili usipasukepasuke kwa gesi ya ozoni iliyo hewani. Ikishakutana na hiyo ozoni inageuka kuwa 6PPD-kwinoni, na hiyo ndiyo inayoua coho. Mwaka 2024 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilitoa kiwango cha tahadhari cha kemikali hiyo kwa viumbe wa maji baridi: nanogramu 11 kwa lita. Nanogramu, wakuu, sehemu moja ya bilioni ya gramu! Ni uchafu usioonekana kwa jicho, na umegunduliwa kwa sababu kuna watu walikubali kulowa kwenye mvua na chupa mkononi.

Linaloniuma zaidi kwenye habari hiyo ni kwamba kabla hata muuaji hajajulikana kwa jina, walishaonyesha kuwa maji yale yale ya barabara yakipitishwa kwanza kwenye tabaka la mchanga na mboji, samaki hawafi. Mchanga na mboji! Sio mtambo wa kuagiza ng'ambo. Shimo refu pembeni ya mtaro, tabaka la kuchujia, mimea juu, bomba la kutolea maji chini. Nafasi ya kuchimba hapa kwetu ipo, hifadhi ya barabara imejaa magugu tu pale.

Sasa njooni kwenye kile walichojenga wenye barabara hapa kwetu. Kwenye mchoro kuna chemba tatu za kunasa mchanga na moja ya kutenganisha mafuta. Siku ya ufunguzi walizipiga picha. Juzi nikaenda na jirani yangu mmoja tukainua mfuniko wa ile ya kwanza chini ya mtaro. Mchanga umejaa hadi kwenye mdomo wa bomba la kutokea, na katikati ya mchanga kumeota nyasi, mbichi kabisa, urefu wa mkono. Chemba ya namna hii inatakiwa izolewe ikifika nusu, maana ikijaa hainasi tena, na mvua kubwa inachokonoa tope la zamani na kulipeleka kijitoni pamoja na jipya. Ile ya mafuta ina tabaka jeusi zito juu, halijawahi kunyonywa. Yaani wamejenga ghala la sumu, wakalifunika, wakaondoka, na kila mvua inachota humo.

Ufagiaji nao ni ule wa fagio la kawaida. Unaondoa kokoto na makopo, unaacha unga. Na metali nyingi zimeshikamana na ule unga mwembamba usioshikika na fagio. Gari la kunyonya linahitajika, tena kabla ya msimu wa mvua, sio katikati yake.

Kuhusu yadi nitasema machache kwa sababu hapo hakuna hata hoja ya kitaalamu. Pampu ya dizeli haina paa wala kingo ya kuzuia kumwagika. Magreda yanaoshwa juu ya udongo ulioelekea mtaroni. Niliwahi kuliona bomba lao likitoa maji yenye povu baada ya siku nne kavu kabisa. Bomba la maji ya mvua likitiririka bila mvua mara nyingi maana yake kuna mtu amelielekezea kitu kisichotakiwa. Na hakuna vali wala lango la kufunga kabla ya kijito. Siku lori la mafuta likipinduka pale kwenye kona, lita zote zinafika kijitoni kabla zimamoto hawajaondoka kituoni kwao.

Najua jibu linalokuja: mvua haina ratiba, hatuwezi kumweka mtu akae anaisubiri. Hamhitaji mtu. Kuna mashine za kuchukulia sampuli zenyewe, zinaunganishwa na kipimo cha kina cha maji ndani ya bomba, maji yakipanda inaanza kuchota na kujaza chupa moja baada ya nyingine. Kama hakuna fedha ya mashine, kuna chupa zinazofungwa mdomoni mwa mtaro na kujifunga zenyewe zikishajaa maji ya mwanzo. Kama hata hizo hamna, nipo mimi. Nakaa hatua mia moja kutoka kalavati. Nifundisheni namna yenu, nipeni chupa zenu, nipeni fomu ya kusaini, nitasimama pale saa nane usiku.

Ninachodai kwa maandishi, na barua nimeshaipeleka mara mbili: vipimo vya mvua visivyopungua vitatu kwa msimu, kimoja kiwe cha mvua ya kwanza baada ya kiangazi, kila karatasi ya majibu iandikwe saa ya kuchota, saa mvua ilipoanza, milimita zilizonyesha na siku kavu zilizotangulia, chemba zizolewe sasa, na lile tope lipimwe kabla ya kutupwa, lisije likamwagwa kwenye shimo la jirani mwingine, pampu ya yadi ipauliwe, na lango la kufungia liwekwe kabla ya kijito. Mfumo wa kuchujia mchanga na mboji naudai pia, lakini huo najua mtauita mradi na mtaniambia bajeti. Kuandika saa kwenye fomu hakuhitaji bajeti.

Wakuu mnaokaa chini ya barabara kama mimi, nendeni mkaombe karatasi zenu za vipimo. Msiangalie namba kwanza, angalieni tarehe, halafu muulize mara ya mwisho mvua ilinyesha lini. Wekeni majibu hapa chini. Na kama kuna mtu wa maabara au mhandisi wa mifereji anayeweza kunipa fomu nzuri ya kuchukulia sampuli za mvua, naomba aiweke hapa leo leo. Wingu limeanza kujikusanya huku na chupa zangu nimeshaziosha.