Barua yenye saini 43

Kikundi: Ukoo wa Babu, Nansio na Mwanza
Jumatano usiku

Mama Mdogo: Shikamooni wakubwa. Samahani nawakatisha habari za mahari. Mzee wangu hajala tangu jana. Alirudi na karatasi kutoka mwaloni wanakoshushia samaki, amekaa nayo nje mpaka saa hizi. Naomba mzungumze naye, mimi nimeshindwa.

Shangazi Nansio: Marahaba wifi yangu. Karatasi ya nini tena?

Baba Mdogo: Basi niseme mwenyewe. Shikamoo dada. Wavuvi 43 wametia saini, wanataka mkutano Jumamosi nitolewe uenyekiti wa BMU, kikundi chetu cha kusimamia uvuvi mwaloni. Wanaowaongoza ni wale wawili. Mmoja nilisimamia kokoro lake, wavu haramu wa kukokota, likachomwa. Mwingine tulimkamata na nyavu za timba, nazo haramu. Mwaka jana walikuwa hawasalimiani, leo wanakunywa chai meza moja.

Deo: Shikamoo Baba Mdogo. Pole sana. Wanaokuunga mkono ni wangapi?

Baba Mdogo: Marahaba. Sijui hata. Nimesoma majina yote, mengine ni ya watu ambao tulizika wazazi wao pamoja, mimi nikiwa nimebeba jeneza. Nikifika hapo mkono unatetemeka.

Mama Deo: Pole shemeji. Kwa hiyo unafanyaje?

Baba Mdogo: Kuna tajiri anayenunua mabondo, vile vibofu vya samaki, kanipigia. Anatoa milioni 2.5 nikaongee na wajumbe. Hataki riba. Anataka nikishinda mitumbwi yake isikaguliwe.

Mama Deo: Isikaguliwe msimu huu au isikaguliwe kabisa?

Baba Mdogo: Kabisa shemeji.

Shemeji Mkuyuni: Asalaam aleikum jamani. Shemeji, hiyo pesa umeshaipokea?

Baba Mdogo: Waaleikum salaam. Bado. Anataka jibu kesho kabla ya mnada wa asubuhi.

Shangazi Nansio: Ngoja nivae miwani niandike vizuri. Mtu asinikatishe.

Shangazi Nansio: Mdogo wangu, kuna mfalme alikuwa pale ulipo wewe. Ahazi wa Yuda, kama mwaka 735 kabla ya Kristo. Resini mfalme wa Shamu na Peka mfalme wa Israeli waliungana wapande Yerusalemu, wamng'oe, wamweke mtu wao, mwana wa Tabeeli. Isaya 7 inasema habari ilipofika, moyo wake na mioyo ya watu wake ikatikisika kama miti ya msituni inavyotikiswa na upepo. Sisi tuliokulia kisiwani tunajua miti inavyofanya ziwa likichafuka usiku.

Shangazi Nansio: Isaya akaenda kumkuta kwenye mfereji wa birika la juu, njia ya uwanja wa dobi. Mimi nadhani alikuwa anakagua maji, maana mji ukizingirwa maji ndiyo uhai. Nabii akamwambia tulia, usiogope, hao wawili ni vinga viwili vinavyotoa moshi tu. Lile shauri lao halitasimama. Na akamwonya: msipoamini, hamtathibitika.

Deo: Shangazi naomba niulize kwa heshima. Majeshi mawili yako njiani, mfalme atulie tu? Kuomba msaada kwa mkubwa zaidi si ndiyo akili?

Shangazi Nansio: Swali zuri mwanangu. Soma 2 Wafalme 16 uone huo msaada ulivyopatikana. Alichukua fedha na dhahabu ya nyumba ya BWANA na ya hazina yake, akampelekea Tiglath-pileseri mfalme wa Ashuru, dola kubwa ya wakati ule, na ujumbe: mimi ni mtumwa wako, na mwana wako. Mtu wa ukoo wa Daudi anaandika hivyo!

Deo: Na Ashuru walikuja?

Shangazi Nansio: Walikuja. Dameski, mji wa Resini, ikaanguka mwaka 732 kabla ya Kristo, Resini akauawa. Ukihesabu kura, Ahazi alishinda. Kisha akaenda Dameski kumlaki yule bwana wake mpya, akaona madhabahu huko, akamtumia kuhani Uria mfano wake ajenge kama ile. Madhabahu ya shaba iliyokuwa mbele za BWANA ikasogezwa kando. Na 2 Nyakati 28 inasema huyo wa Ashuru alimtaabisha badala ya kumtia nguvu.

Mama Deo: Mitumbwi isikaguliwe kabisa 😔

Shangazi Nansio: Ndiyo hapo wifi.

Baba Mdogo: Dada umenichoma. Nyie hamkuwepo siku tunachoma lile kokoro. Lilikuwa limevutwa mpaka mchangani, tukafungua kifuko chake, beseni zima la sato wa ukubwa wa kidole gumba. Wengine bado wanafungua midomo. Mama mmoja anayekaanga pale alichukua kiganja kimoja akatazama, akasema hata mafuta yangu siwezi kuyaharibu kwa hawa, wanayeyuka kwenye karai. Nilisimama pale nikajiambia hiki cheo nimepewa kwa ajili ya hawa.

Baba Mdogo: Na jana nilikuwa nahesabu milioni 2.5 inatosha wajumbe wangapi.

Mama Mdogo: Mungu wangu. Hukuniambia hivyo.

Baba Mdogo: Niliona aibu mke wangu.

Shemeji Mkuyuni: Shemeji usijilaumu sana, hofu inamkuta kila mtu. Kwetu tunasoma katika Ali Imran, aya ya 26, kwamba Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kumiliki ufalme, humpa amtakaye na humwondolea amtakaye. Marehemu baba yangu aliisoma siku alipotolewa kwenye uongozi wa soko. Akafunga duka, akaswali, kesho yake akafungua duka.

Deo: Lakini Hezekia mwana wa Ahazi naye si alilipa Ashuru? Tulisoma hilo kwenye kipaimara.

Shangazi Nansio: Alilipa, hatumfichi. Talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu, mpaka akabandua dhahabu ya milango ya hekalu. Na Senakeribu, mfalme wa Ashuru wakati huo, akatuma jeshi vilevile, mwaka 701. Mjumbe wake alisimama wapi kutukana? Kwenye mfereji ule ule wa birika la juu, penye njia ya uwanja wa dobi. Mahali baba yake alipoambiwa tulia. Nikifika hapo huwa naweka Biblia chini kidogo.

Shangazi Nansio: Ikaja barua ya vitisho. Safari hii Hezekia aliichukua akapanda nayo nyumbani kwa BWANA akaitandaza mbele zake. Senakeribu mwenyewe kaandika kwamba alimfungia Hezekia kama ndege kwenye tundu. Kuingia mjini hakuandika, maana hakuingia.

Mama Deo: Kwa hiyo wifi, shemeji akiomba Jumamosi atashinda?

Shangazi Nansio: Sijasema hivyo, na sitamdanganya mdogo wangu. Ahazi alipewa ahadi kwa kinywa cha nabii. Uenyekiti wa mwalo hauna ahadi hiyo. Anaweza kuomba usiku kucha na Jumamosi wakamtoa. Ninachomwomba ni asimwite mtu mtumwa wako na mwana wako ili abaki. Akitolewa akiwa msafi, bado ni mtoto wa mama yetu na mtumbwi wake anao.

Deo: Baba Mdogo, mimi nakuja Ijumaa na basi la mchana. Tutapita kwa wale 43 mmoja mmoja, tuwasikilize. Huenda wengine wana hoja ya kweli.

Baba Mdogo: Wapo. Ushuru wa dagaa niliupandisha bila kuwaita. Hilo wananilaumu kwa haki.

Shemeji Mkuyuni: Hilo ukawaambie mwenyewe kabla ya mkutano shemeji.

Baba Mdogo: Nitawaambia.

(saa 4 kasoro)

Baba Mdogo: Nimempigia tajiri. Nimemwambia hapana. Amekata simu.

Mama Mdogo: Amekula ugali. Asanteni sana jamani 🙏

Shangazi Nansio: Ile karatasi iko wapi?

Baba Mdogo: Mfukoni mwa koti.

Shangazi Nansio: Itoe, itandaze.

Baba Mdogo: 📷

Baba Mdogo: Nimeiweka kwenye mkeka hapa nje. Upepo wa ziwa unaipeperusha, nimeikandamiza kwa betri ya taa.

Shangazi Nansio: Vizuri. Nakupigia sasa hivi, tuombe. Soma majina yote 43 kwa sauti.

Baba Mdogo: Na wale wawili?

Shangazi Nansio: Anza na hao.

Baba Mdogo: Subiri dada, natafuta miwani.