Naomba ushauri: kwa nini maumivu ya taya yanitese mimi na si kaka yangu?

Bint Kihonda

Habari zenu wanajamvi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka 31. Tangu mwaka jana kiungo cha taya langu la kulia, pale mbele ya sikio, kinalia nikipiga miayo, na maumivu hupanda hadi kwenye panja. Kuna asubuhi ambazo kinywa hakifunguki vya kutosha kupitisha kipande cha muhogo. Kwenye kliniki moja nilielezwa kuwa shida ni gego bovu. Likang'olewa, na maumivu yakabaki palepale. Kwingine niliambiwa kuwa haya ni mawazo tu ya wanawake.

Kaka yangu naye taya lake hulia kila anapokula, lakini hajawahi kuumwa. Nimeona pia kwamba maumivu yangu huzidi hedhi inapokaribia. Je, jinsia inahusika kweli? Na nifanye nini kabla sijang'olewa jino jingine?

Daktari wa Kinywa

Pole sana dada. Mimi ni daktari wa meno, ingawa siwezi kukupima kwa maandishi. Tofauti uliyoiona ipo na imechunguzwa kwa miaka mingi. Katika jamii, wanawake wenye maumivu ya kiungo cha taya na misuli yake ni takriban mara mbili ya wanaume, na kwenye kliniki pengo huwa kubwa zaidi, kwa kuwa wanawake hutafuta tiba zaidi. Wengi wako kati ya miaka 20 na 40, na ndiyo maana estrojeni, homoni ya kike, ilishukiwa. Linda LeResche na wenzake nchini Marekani walionyesha mwaka 2003 kwamba maumivu hupanda karibu na hedhi, na hupanda tena yai linapopevuka, yaani nyakati ambazo estrojeni iko chini au inabadilika kwa kasi. Kwa hiyo hilo la hedhi hukulibuni.

Hata hivyo, homoni peke yake haitoshi kueleza jambo hili. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao OPPERA uliwafuatilia watu wasiokuwa na tatizo na kukuta kwamba karibu 4 kati ya kila 100 huanza kuumwa kila mwaka, na hapo wanawake waliwazidi wanaume kwa kiasi kidogo tu. Pengo kubwa liko kwa wale ambao maumivu yao yamekuwa sugu. Kwangu mimi hili ndilo zito kuliko yote: wanaume na wanawake huanza karibu sawa, ila kwa wanawake maumivu hung'ang'ania, hasa yakikutana na usingizi mbovu, msongo na maumivu mengine ya mwili. Anayemwambia mgonjwa kuwa ni mawazo tu anamcheleweshea tiba wakati ule ule ambao ingemfaa zaidi.

Ama mlio wa kaka yako, mara nyingi husababishwa na kisahani laini kilicho kati ya mfupa wa taya na fuvu kuteleza na kurudi mahali pake. Usipoambatana na maumivu wala taya kukwama, hauhitaji tiba.

Mama Ilham

Dada, nimepitia hayo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinifundisha kuweka ncha ya ulimi kwenye kaakaa, nyuma kidogo ya meno ya mbele, kisha kufungua kinywa taratibu na kusimama kabla maumivu hayajaanza. Jioni nilikanda shavu kwa taulo lililochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa. Niliacha miwa, mahindi ya kuchoma na jojo, na nikajizoesha kufumba midomo bila kugusanisha meno. Nafuu ilikuja polepole, lakini ilikuja.

Msomaji wa Tabora

Sisi wanaume nasi tunaumwa, ila wengi hatusemi mpaka taya limekwama. Nimemwonyesha mdogo wangu uzi huu.

Bint Kihonda

Ahsanteni sana. Daktari, natumia vidonge vya uzazi wa mpango. Niviache?

Daktari wa Kinywa

Usiviache kwa sababu hii pekee. Tafiti kuhusu vidonge hivyo na taya hazikubaliani, na mimba usiyoitarajia ni jambo kubwa. Zungumza kwanza na aliyekuandikia, ukiwa na daftari la tarehe za hedhi na ukali wa maumivu kila siku.

Jingine, kataa kwa sasa tiba yoyote isiyoweza kurudishwa nyuma: kung'oa meno mazima, kuyachonga ili yakutane vizuri, au upasuaji. Katika miaka ya 1980 huko Marekani, wagonjwa wengi, na wengi wao wanawake, waliwekewa katika kiungo hiki vipandikizi vyenye Teflon (aina ya plastiki) vilivyomeguka na kula mfupa, hadi vikaondolewa sokoni. Anza na mazoezi aliyoyaeleza Mama Ilham, na umwombe daktari akupapase misuli ya shavu na panja, si kutazama meno peke yake. Taya likikwama lisifunguke, uso ukivimba, ukipata homa au ganzi usoni, nenda hospitali siku hiyo hiyo.