Lokesheni za wanyama walio hatarini kutoweka: ziwekwe wazi au zifichwe?

Wadau, msimamo wangu nauweka mezani mapema: nukta kamili ya GPS ya kiumbe anayesakwa na walanguzi haitakiwi kuonekana na kila mtu, hata kama aliyeikusanya ni mtafiti mwenye nia njema kabisa.

Kuna mjusi wa mapangoni wa kusini mwa China, Goniurosaurus luii. Wanasayansi walimtangaza mwaka 1999, na mahali alipopatikana pakatajwa. Wafanyabiashara wa wanyama nao husoma majarida ya sayansi. Kufikia 2006 watafiti waliripoti kuwa pale alipogunduliwa hayupo tena. Mwaka 2013, huko India, mtu alijaribu kudukua baruapepe iliyokuwa ikipokea taarifa za kola ya GPS ya simbamarara wa hifadhi ya Panna. Hakufanikiwa, lakini fikirieni: kola tuliyomvisha mnyama ili tumlinde ndiyo inayoweza kumwongoza jangili.

Wapo wanaosema tukificha tutaumia zaidi. Hoja hii naiheshimu. Anayepanga barabara au mgodi akifungua ramani akaikuta tupu, greda litapita juu ya mazalia na hakuna atakayejua kilichopotea. Ila kuficha nukta si kuficha kwamba mnyama yupo. Kwenye iNaturalist, mtandao ambao watu huweka picha za viumbe walizopiga na mahali walipowaona, spishi nyingi zilizo hatarini huonyeshwa kwa umma ndani ya mraba wa nyuzi 0.2 kwa 0.2, yaani kama kilomita 22 kila upande karibu na ikweta. Mpangaji makini akiuona mraba huo anajua kuna jambo la kuuliza kabla ya kuchimba. Jangili akiuona, bado ana pori zima la kuzunguka.

Tena tusiwatie viumbe wote kapu moja. Tembo anatembea, hivyo kuchelewesha data kwa miezi kadhaa kunampa nafuu. Pango halihami, mti hauhami. Miti ya Wollemi ya Australia iligunduliwa mwaka 1994 na mpaka leo mahali ilipo hapatangazwi. Hata ilipookolewa isiteketezwe na moto mkubwa wa 2019 na 2020, umma uliambiwa baada ya kazi kwisha.

Kuhusu picha za watalii sioni cha kubishania. Simu nyingi huhifadhi lokesheni ndani ya faili la picha, na ukimtumia mtu faili hilo lilivyo, umempa na njia ya kumfikia kifaru. Zima lokesheni.

Ninapokwama ni hapa: nukta halisi ikishafungwa, nani aruhusiwe kuiona? Tukisema watafiti na serikali tu, tunawatenga wanaoishi na wanyama hao, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kuona nyayo za mgeni. Tukiongeza watu, siri itavuja, na wapo wanaovujisha wakiwa ndani ya mamlaka hizohizo. Mimi nataka wenyeji wawemo, kupitia watu waliowachagua wenyewe. Anayepinga atuambie angemwondoa nani, na kwa nini.